Muziki wa video ya shule: njia tano halali, na ipi inakufaa

Video ya mradi huwa inaenda vizuri mpaka mtu aulize, "Chini tunaweka wimbo gani?" Kuanzia hapo klabu nyingi za shule, iwe Mbeya mjini, Tukuyu, Mafinga au Iringa, hufanya kitu kilekile. Wanafunzi wanachukua wimbo unaovuma kutoka kwenye memori kadi iliyojazwa kwenye kibanda cha kurushia nyimbo, au wanaupakua YouTube kwa programu za kuvuta sauti, wanaubandika, kazi imekwisha. Ikioneshwa ukumbini hakuna anayelalamika. Siku mkuu wa shule anaposema ipandishwe kwenye ukurasa wa shule, ndipo sauti inazimwa, au tangazo linaanza kuchezwa juu ya kazi ya watoto na hela yake inakwenda kwa mtu mwingine.

Njia halali zipo na nyingi hazidai hata shilingi. Ila hazifanani. Kuna inayotaka muda, kuna inayotaka bando, kuna inayotaka uandike jina la mtu mwishoni, na kuna inayotaka umpigie msanii simu. Hapa nimezipima tano kwa vigezo vilevile ili mwalimu mlezi au mwanafunzi achague kulingana na kazi aliyo nayo.

Vigezo

Cha kwanza, na kwangu ndicho kinachobeba vingine vyote, ni mahali video itakapoishia. Darasani tu? Kwenye mahafali? Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi? YouTube? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaacha nafasi ya kutumia kazi ya mtu kama kielelezo cha kufundishia, kwa kiasi kinachohitajika na kwa kumtaja mwenyewe. Mwalimu anayewasikilizisha wanafunzi kipande cha wimbo ili aeleze mapigo yake hana cha kuogopa. Lakini wimbo wa kupambia picha za mahafali haufundishi kitu, unapamba tu. Ukishaupandisha mtandaoni unakutana na mtambo wa YouTube uitwao Content ID, unaolinganisha sauti yako na hifadhi kubwa ya nyimbo zilizosajiliwa. Mtambo haujui kwamba wewe ni wa kidato cha pili.

Cha pili ni ruhusa: imetolewa na nani, na imeandikwa wapi? Kitu kuwa cha bure hakukupi ruhusa ya kukitumia utakavyo.

Cha tatu ni gharama na muda, na kwa shule zetu gharama mara nyingi ni bando. Faili ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula takriban MB 1 kwa dakika, ya kilobiti 320 inafika MB 2.4, na WAV ya ubora wa CD ni kama MB 10. Kwa video itakayosikilizwa kwenye simu na spika za ukumbi, MP3 inatosha kabisa.

Cha nne ni ladha. Je, muziki unakaa na picha zenu, au unasikika kama tangazo la benki?

1. Kurekodi wenyewe

*Ruhusa.* Hapa ndipo penye amani zaidi. Wimbo uliotungwa na wanafunzi ni wa wanafunzi waliotunga, na wakiandika karatasi fupi ya kuiruhusu klabu iutumie, mwaka kesho hata wakiwa wamehitimu hakuna utata. Wakiwa wadogo, mzazi au mlezi naye atie saini, maana sauti ya mtoto itakaa mtandaoni muda mrefu. Angalieni jambo moja: kwaya ya shule ikiimba wimbo wa kwaya nyingine, mtunzi bado ana haki yake hata kama sauti na rekodi ni zenu.

Ngoma za asili zina utaratibu wa peke yake. Hakuna mtunzi mmoja wa kumtafuta, lakini sheria hiyohiyo ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi, hasa zinapotolewa nje ya mazingira yake kwa kutafuta faida. Mradi wa shule hautafuti faida. Bado, waombeni wazee wenyewe, na mwishoni mwa video mtaje kijiji na kikundi. Waulizeni pia wimbo ni wa shughuli gani. Zipo nyimbo za msiba ambazo mkiziweka chini ya picha za watoto wanaokata keki, bibi mmoja ukumbini atatikisa kichwa mpaka mwisho.

*Gharama na muda.* Hela kidogo, muda mwingi. Simu janja ya kawaida inatosha ukiwajua maadui zake wawili, mwangwi na mvua. Darasa tupu lenye sakafu ya saruji linarudisha kila sauti. Nendeni bwenini mchana, wakati hakuna watu: magodoro na yale mablanketi mazito ya baridi ya huku yanameza mwangwi ajabu. Simu msiishike mkononi. Ilazeni juu ya sweta lililokunjwa, kama hatua moja kutoka kwa mpigaji au mwimbaji, na mzime mtandao ili mtu asipige katikati ya ubeti. Kabla ya kuanza, rekodini sekunde chache za chumba kikiwa kimya. Mhariri atazihitaji kuziba mapengo. Kama shule ina laptopu, hata ya zamani, programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kukata na kusawazisha sauti. Tukuyu wakati wa masika msihangaike. Mvua ikianza kupiga bati, hakuna programu itakayoiondoa kwenye rekodi.

*Ladha.* Hakuna njia inayoishinda hii. Mradi wa historia wenye picha za Isimila, eneo la zana za mawe za kale kule Iringa, chini yake mzee wa Kihehe anapiga ligombo, ile ala ya nyuzi zilizotandwa juu ya ubao uliochimbwa, unabeba kitu ambacho maktaba yoyote ya mtandaoni haina. Hata vigelegele na makofi ya darasa zima, vikirekodiwa vizuri, vinaweza kubeba dakika mbili za video.

*Inamfaa nani.* Shule yenye kwaya hai, kikundi cha ngoma, au vijana wawili watatu wa gitaa na kinanda, na mradi wenye wiki kadhaa mbele yake. Shule zinazojiandaa kwa mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA tayari zina waimbaji waliofanya mazoezi, zinachokosa ni mtu wa kubonyeza kitufe cha kurekodi. Haimfai anayekabidhi kesho.

2. Maktaba za bure za muziki wa video

Ninazozizungumzia hasa ni mbili: maktaba ya sauti ya YouTube, iliyomo ndani ya YouTube Studio (sehemu ya mwenye chaneli kusimamia video zake), na tovuti ya Pixabay.

*Ruhusa.* Rahisi, ila isomwe. Kwenye maktaba ya YouTube kila wimbo una alama ya leseni: mwingine unautumia bila kutaja mtu, mwingine unadai umtaje mtunzi kwenye maelezo ya video, na kuna kichujio cha kuzitenganisha. Faida yake kubwa ni kwamba nyimbo zake hazitakuletea madai ya Content ID. Pixabay inatumia leseni yake yenyewe: hulazimiki kutaja jina, huruhusiwi kuuza au kusambaza wimbo peke yake. Baadhi ya nyimbo zake zimesajiliwa na watunzi wake kwenye Content ID, hivyo dai linaweza kukujia hata ukiwa na haki. Pakua cheti cha leseni siku hiyohiyo unapopakua wimbo, utakitumia kujibu.

*Gharama na muda.* Bure, na kama unajua unachotaka, dakika kumi zinatosha. Kinachokula bando ni kusikiliza nyimbo nyingi ukitafuta. Afadhali mwalimu apakue kumi za hali tofauti siku yenye mtandao mzuri, aziweke kwenye flashi ya klabu pamoja na leseni zake, zitumike mwaka mzima.

*Ladha.* Hapa nina malalamiko. Muziki ni safi, umepangwa vizuri, na hauna kwao. Ile ya ukulele na makofi umeshaisikia kwenye kila tangazo la dawa ya meno. Ukitafuta kwa neno "Africa" unaletewa ngoma za djembe za Afrika Magharibi na sauti za kuashiria machweo ya mbugani. Kwa video ya jaribio la kemia haina neno. Kwa video ya mavuno ya viazi Uporoto, kila mtazamaji atasikia kwamba muziki umetoka mbali. Ushauri wangu: tafuta kwa hali na kasi, kama vile tulivu, piano, polepole, na uache kutafuta kwa jina la bara.

*Inamfaa nani.* Mwenye haraka, mwenye video inayokwenda YouTube, na yeyote anayetaka muziki usiosumbua maneno ya msimulizi.

3. Leseni za Creative Commons

*Ruhusa.* Hii inataka msomaji makini. Ni ruhusa zilizoandikwa tayari, ambazo mtunzi mwenyewe anaziambatanisha na kazi yake ili wengine waitumie kwa masharti aliyoyachagua. Zilianza kutolewa Desemba 2002, na kila moja inasomeka kwa herufi zake. BY: mtaje mwenye kazi. NC: usiitumie kibiashara. SA: kazi yako nayo itoke kwa leseni ileile. ND: usiibadilishe. CC0: mwenyewe ameachilia haki zake.

ND ndiyo inayowanasa wengi. Mtu anaona wimbo wa BY-ND, anasema mimi sibadilishi kitu, nauweka tu nyuma ya picha. Kwa maandishi ya leseni zenyewe, kuupatanisha muziki na picha zinazotembea ni kuubadilisha. Kwa hiyo wimbo wenye ND hauingii kwenye video, hata ukiuacha mzima bila kukata sekunde. Unaweza kuucheza ukumbini wageni wakiingia, hapo hakuna tatizo. Nazo SA ziangalie: video yenu nzima itabidi itoke kwa leseni hiyohiyo, jambo ambalo kwa mradi wa shule huwa halina ubaya, ila mkuu wa shule ajue.

NC inafaa kwa kazi ya darasani. Ingia shaka pale video inapokuwa ya kutangaza nafasi za masomo kwa shule ya kulipia. Hapo mimi ningetafuta wimbo usio na NC nikalala usingizi.

Kumtaja mtunzi si kuandika "muziki kutoka intaneti". Andika hivi mwishoni mwa video na kwenye maelezo yake: jina la wimbo, jina la mtunzi, tovuti ulikoupata, leseni na namba ya toleo lake, na kama umekata au kupunguza sauti useme. Mstari mmoja unatosha: "Muziki: (jina la wimbo), umetungwa na (jina), kutoka (tovuti), leseni CC BY 4.0, umefupishwa."

*Gharama na muda.* Bure. Muda unaliwa na kusoma leseni ya kila wimbo, maana kwenye tovuti za muziki kama Free Music Archive, iliyoanza 2009, na ccMixter, nyimbo mbili za mtu mmoja zinaweza kuwa na masharti tofauti. Njia fupi ni Incompetech, tovuti ya mtunzi Mmarekani Kevin MacLeod: ana vipande zaidi ya 2,000, na sharti lake la kawaida ni hilo la kumtaja. Kwa milio tu, kama mlango, ndege, gari moshi au umati sokoni, kuna tovuti ya Freesound, iliyoanzishwa 2005 na chuo kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona. Pale nako kila mlio una leseni yake.

*Ladha.* Pana kuliko maktaba za namba mbili, na imejaa vitu vya ajabu vilivyotengenezwa na watu wanaopenda wanachofanya. Muziki wa kwetu ni haba.

*Inamfaa nani.* Klabu yenye mtu mmoja mwenye tabia ya kuandika kumbukumbu. Pia ni njia nzuri kwa mwalimu anayetaka wanafunzi wajifunze hakimiliki yenyewe kwa vitendo, kwa sababu kila wimbo ni somo. Isiyo na mtu huyo iiache.

4. Kazi za zamani zilizotoka kwenye ulinzi

*Ruhusa.* Tanzania hulinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake; nchi za Umoja wa Ulaya ni miaka 70. Bach alifariki 1750, Mozart 1791, Beethoven 1827, hao hawana mjadala popote. Mjadala uko kwenye rekodi. Okestra iliyompiga Beethoven miaka michache iliyopita ina haki zake juu ya sauti hiyo, hata kama noti ni za kila mtu. Nenda kwenye tovuti za Musopen au Wikimedia Commons, ambako unaona hali ya rekodi yenyewe, au chukua noti kwenye IMSLP, maktaba ya noti ya mtandaoni, mpige wenyewe.

Nyimbo za kanisani zina mtego wa namna hiyo. Tuni ya Krismasi ya "Stille Nacht", ile ya usiku mtakatifu, ilitungwa 1818 na Franz Xaver Gruber aliyefariki 1863, iko huru. Maneno ya Kiswahili yana mfasiri wake, na yeye anaweza kuwa amefariki juzi. Pigeni tuni kwa kinanda bila maneno, mmemaliza.

Na rekodi za zamani za huku kwetu? Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alizunguka Tanganyika na mitambo yake mwaka 1950, na Wahehe ni miongoni mwa aliowarekodi. Watu hudhani kwa ukongwe wake ni za bure. Kazi hizo ziko chini ya ILAM, maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Afrika Kusini 1954, na kuzitumia ni kuwaandikia wao. Nayo tuni ya Wimbo wa Taifa, ya Enoch Sontonga wa 1897, kwa hesabu ya miaka imetoka kwenye ulinzi, lakini tafadhali, Wimbo wa Taifa hauwekwi chinichini mtu akisimulia.

*Gharama na muda.* Bure, muda wa wastani.

*Ladha.* Piano na okestra. Inabeba vizuri masimulizi ya historia na picha za mandhari, maua ya Kitulo kwa mfano. Ikizidi inageuka filamu ya kizungu.

*Inamfaa nani.* Shule yenye mpiga kinanda, na mwenye mradi usio na haraka.

5. Kumwomba msanii wa hapa

*Ruhusa.* Inawezekana kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa wasanii chipukizi wa Mbeya na Iringa na kwaya za makanisa, ambao wengi hufurahi kusikika. Ugumu ni kwamba wimbo mmoja una wenye haki zaidi ya mmoja: aliyetunga, aliyeimba, prodyuza aliyetengeneza biti na rekodi. Na kama umesambazwa na kampuni, Content ID itaudai hata kama msanii amekubali kwa moyo mweupe. Majibu ya "poa tu, tumieni" hayatoshi. Mwalimu mlezi, si mwanafunzi, atume ujumbe wa namna hii:

"Habari za kazi kaka. Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya habari katika shule ya (jina). Tunaomba kutumia sekunde 40 za wimbo wako (jina) kwenye video ya wanafunzi kuhusu kilimo cha viazi. Itaoneshwa shuleni na kwenye ukurasa wa YouTube wa shule, haitauzwa, na jina lako litaandikwa mwishoni. Ukiridhia, tunaomba utujibu kwa maandishi kwamba umekubali, na utuambie kama prodyuza au msambazaji naye anahusika."

Kwa kwaya, barua yenye muhuri wa shule kwa mwenyekiti wa kwaya huenda haraka kuliko simu kwa mwimbaji mmoja. Mkikwama kujua nani ana haki gani, ofisi ya hakimiliki kwa Tanzania Bara ni COSOTA.

*Gharama na muda.* Mwingine atatoa bure, mwingine atataja bei, na yote mawili ni haki yake. Majibu yanaweza kuchukua siku moja au mwezi.

*Ladha.* Watazamaji wataimba pamoja na video. Ubaya wake ni huohuo: wimbo wenye maneno hupigana na msimulizi, basi ombeni na biti tupu.

*Inamfaa nani.* Video ya mahafali, kampeni ya shule, tamasha. Kwa zoezi la darasani la alama kumi ni kujichosha.

Yasiyo njia

Muziki uliomo ndani ya CapCut au TikTok una masharti yake, na kuruhusiwa humo hakukupi ruhusa ya kuupeleka YouTube. Hakuna sheria ya "sekunde kumi hazina shida". Kuandika "sina haki na wimbo huu" kwenye maelezo ni kukiri tu kwamba hukuomba.

Kwa hali yako

Unakabidhi kesho na video inabaki darasani: maktaba ya YouTube au Pixabay, wimbo mmoja wa ala, sauti iwe chini sana ya msimulizi.

Video inakwenda kwenye ukurasa wa shule na itakaa miaka: rekodini wenyewe, au chukueni maktaba ya YouTube. Creative Commons pia, mradi mstari wa kumtaja mtunzi uwe ndani ya video yenyewe, maana maelezo ya pembeni hupotea faili inapozunguka WhatsApp.

Mradi ni wa utamaduni au historia ya eneo: njia ya kwanza, hata kama rekodi itakuwa na kuku mmoja kwa mbali. Kama hakuna mpigaji kabisa, afadhali kimya na sauti halisi za mahali kuliko djembe ya kukopa.

Mna mahafali na bajeti ndogo: mwombeni msanii mapema, muhula unapoanza, na muwe na wimbo wa akiba kutoka maktaba ya bure endapo hatajibu.

Shule haina intaneti ya kuaminika: flashi ya klabu, folda moja kwa kila wimbo, na ndani yake faili ya sauti, picha ya ukurasa wa leseni, na tarehe mlipopakua. Mwalimu akihamishwa, flashi ikabidhiwe kwa maandishi kama funguo za maabara.